Nani Alimfikisha Mama Mkwe Dodoma?

Sogeeni. Mwenye kukohoa akohoe sasa na mwenye kiu anywe sasa, kwa sababu nikishawasha sizimi mpaka tufike. Nauli yangu ni moja tu: tukifika, mtatoa hukumu. Mimi ya kwangu ninayo, lakini kila nikiitaja napoteza rafiki, kwa hiyo leo nitanyamaza niwasikilize nyinyi.

Haya. Nje kidogo ya mji wa Songea walikuwapo wajukuu watatu wa Mzee Otmari Luambano, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Gaudensia alipewa masikio. Alifundisha kwaya ya kigango, na waimbaji wakiwa wamejaa mpaka mlangoni, mmoja akiteleza kidogo tu kwenye sauti, Gaudensia alimnyooshea kidole bila hata kugeuka. Mumewe aliacha zamani kusingizia kwamba anatoka shamba. Mkewe alikuwa akiisikia pombe kwenye hatua zake kabla hajafika uani.

Kanisi alipewa mikono. Alikuwa fundi viatu. Mpe kipande cha ngozi, kisu na jiwe, nenda ukanywe chai, ukirudi unakuta kiatu. Watu walimletea pia miavuli, redio na masufuria yaliyotoboka, na sikumbuki hata siku moja aliyosema hiki hakinihusu.

Bonifasi, niseme tu ukweli, alipewa makalio. Msicheke, na nyinyi akina mama wa nyuma nawaona! Kukaa ni kazi. Bonifasi alibeba kahawa kwa pikipiki kutoka milima ya Mbinga, na wenzake waliposimama kujinyoosha migongo, yeye aliwauliza, "Kwani tumefika?" Kwenye harusi, hotuba zikirefuka mpaka bwana harusi anasinzia, Bonifasi alikuwa amekaa wima, anapiga makofi panapostahili.

Sasa mjue na huyo Mama Mkwe. Alikuwa pikipiki. Pikipiki ya chuma kitupu, iliyoundwa Uingereza kabla ya Uhuru, yenye kigari cha pembeni cha kukaa abiria. Babu Otmari ndiye aliyempa jina hilo. Alisema, "Huyu huendi kwake mikono mitupu, humpazii sauti, na akinuna nyumba nzima itajua." Ndani ya kile kigari Babu alimleta mkewe, Bibi Skolastika, siku ya harusi yao. Ndani ya kigari hicho wale wajukuu walipelekwa kuanza shule, wote watatu kwa pamoja, wakigombania nani akae mbele. Na mngurumo wake ulikuwa ndiyo hodi ya Babu. Alikuwa akisikika toka kule darajani, Bibi anaacha mwiko, anachota maji ya kunawa, anatoka kumpokea.

Babu akafariki. Ndipo mambo yalipoanza.

Nyote mnaujua utani wa Wangoni na Wahehe. Mababu zao walipigana mpaka wakachoka, wakaona afadhali watukanane tu. Basi matangani akaja mtani wa Babu kutoka Iringa, Mzee Kihwele, mwembamba, mrefu, na mdomo usio na breki. Badala ya kulia akavaa koti la marehemu, akapanda juu ya Mama Mkwe, akaanza kunguruma kwa mdomo: "Brrrm! Brrrm! Otmari kaenda, hii ya kwangu! Nitaiweka uani kuku watagie!"

Watu walicheka mpaka machozi yakageuka machozi mengine. Ndiyo kazi ya mtani msibani. Lakini mila ni mila: mtani akishakalia kitu, humwondoi kwa nguvu, humkasirikii. Unakikomboa kwa kumpa anachotaka.

"Unataka nini ushuke?" akauliza Bibi Skolastika.

"Nyie Wangoni mlikuja huku kwa miguu kutoka kusini kabisa, pikipiki mmejulia wapi?" akasema Kihwele. "Nasikia kuna safari ya pikipiki za zamani mpaka Dodoma. Hili likifika, nashuka."

Hapo Bibi angeweza kumpa jogoo mmoja, mambo yakaisha. Nawaapia, jogoo alikuwa anapita pale pale. Lakini Bibi alikuwa Mngoni, ametaniwa mbele ya ukoo mzima, na uchungu wa kufiwa ulikuwa umemjaa. Akajibu, "Atafika! Asipofika, chukua!"

Neno la namna hiyo likishasemwa matangani halirudi. Kihwele akashuka anacheka. Bibi akaingia ndani, akatoka na kofia ya ngozi ya Babu, ile ya kufungwa chini ya kidevu, akawageukia wajukuu. "Atakayemfikisha nitamvisha hii, na Mama Mkwe atakuwa wake. Mmoja tu. Sitaki mali ya Otmari igawanywe. Pikipiki ya watu watatu hakuna anayeiosha."

Na wote watatu walimtaka. Gaudensia alimtaka kwa sababu ule mngurumo ndiyo sauti pekee ya Babu iliyobaki duniani. Kanisi alimtaka kwa sababu nati ya kwanza aliyowahi kuifungua maishani ilikuwa ya Mama Mkwe, Babu akiwa amemshika mkono. Bonifasi alimtaka kwa sababu Babu alimwahidi kumfundisha kumwendesha, siku ikawa inasogezwa mbele, mpaka siku zenyewe zikaisha.

Masharti ya safari yalikuwa mepesi kuyasema. Chombo lazima kimzidi dereva umri. Kifike Dodoma kwa injini yake, siku ya pili, kabla jua halijazama. Ukikisukuma kiwake, sawa, lakini kisifike kwa kusukumwa wala kuvutwa. Zawadi ya kufika ilikuwa kupigwa picha na soda moja.

Wakamtoa Mama Mkwe stoo. Kuku tayari alikuwa anaatamia ndani ya kigari, na Bibi akasema asiambiwe Kihwele. Kanisi akatandika mkeka, akamfungua kipande kwa kipande, akasugua, akapaka, akarudisha. Gaudensia akakaa pembeni amefumba macho, kila Kanisi anapozungusha kitu anasema "bado" au "hapo hapo." Bonifasi akageuza kinu juu chini, akakikalia kutwa nzima akipukuchua mahindi, eti anafanya mazoezi. Wakamcheka sana, ila mahindi yaliisha.

Siku Bonifasi alipopiga kiki na Mama Mkwe akaitika, kuku waliruka na mbwa wakabweka. Bibi Skolastika akatoka jikoni mbio, kitenge kinamdondoka, mkononi ameshika kopo la maji ya kunawa.

Akasimama. Akaona ni wajukuu tu.

"Nimetoka kumpokea," akasema polepole. Kisha akacheka, akafuta uso kwa mkono wenye maji. "Haya, nyie wapumbavu, si mnawe basi, maji yasipotee." Wakanawa wote watatu. Kuanzia hapo hakuna kati yao aliyefikiria habari ya kushindwa.

Wakaondoka Songea alfajiri: Bonifasi kwenye usukani, Kanisi nyuma yake, Gaudensia ndani ya kigari na vyakula. Bibi akatangulia Dodoma kwa basi.

Walipofika milima ya Lukumburu, Mama Mkwe alikuwa anapanda vizuri ajabu. Gaudensia alikuwa anaimba, Kanisi anaitikia, Bonifasi anatikisa kichwa. Ghafla Gaudensia akanyamaza katikati ya ubeti.

"Simama!"

"Dada, hapa kwenye mlima? Chombo kinaimba vizuri kuliko wewe!" akasema Bonifasi.

"Kuna mtu wa sauti ya nne anagonga. Simama, Boni, la sivyo naruka!"

Bonifasi akasimama, anasonya. Kanisi akatega sikio, hakusikia kitu. Wakafungua kifuniko pale Gaudensia alipoweka kidole, na nati ya valvu ilikuwa imebakiza uzi mmoja kuchomoka. Ingedondokea ndani, injini ingejitafuna yenyewe, na injini ya namna ile hakuna duka la kuiuliza. Kanisi akaikaza kwa muda mfupi kuliko wa kumenya chungwa. Bonifasi akaomba msamaha, na adhabu yake ikawa kuimba sauti ya nne mpaka Makambako, kitu kilichomuumiza Gaudensia kuliko yeye.

Jioni wakafika Iringa, wakalala kwa Mzee Kihwele. Ndiyo, kwa huyo huyo. Ungelala kwa nani Iringa zaidi ya kwa mtani wako? Akawachinjia, akawatukana, akawapa blanketi nzito.

Asubuhi kuamka, Mama Mkwe hayupo.

Bonifasi akapandisha hasira, akamshika Kihwele shati. Kosa! Mtani hakasirikiwi. Wazee wa Kihehe wakatokea, kana kwamba walikuwa wanasubiri nyuma ya nyumba, wakamtoza faini ya kuku hapo hapo. Na kuku waliyekuwa naye ni mmoja tu, yule wa kwenye kigari, ambaye hakutaka kuachana na mayai yake wakaamua kusafiri naye. Akatolewa pamoja na mayai. Ndipo Kihwele, anacheka mpaka anashika mbavu, akafungua mlango wa jiko. Mama Mkwe alikuwa ndani, kando ya mafiga, amefunikwa khanga.

"Nimemficha makusudi, mpoteze muda," akasema. "Mnadhani nitakubali kirahisi?"

Lakini usiku ule manyunyu yalikuwa yameanguka Iringa nzima, na pikipiki nyingine zote za safari zilikuwa zimelala nje. Maji yaliingia kwenye plagi, umeme ukagoma. Wenye vyombo walipiga kiki mpaka viatu vikaachia soli. Mama Mkwe, aliyelala jikoni mkavu na joto lake, akawaka kwa kiki ya kwanza. Kihwele kucheka kukamwisha. Akakimbilia basi, akaenda kumwahi Bibi Dodoma, kwapani amebeba gunia la pumba za kuwatandikia kuku kwenye kigari, pikipiki ikishakuwa yake.

Waliposhuka kuelekea Mtera joto likawapokea, na Bonifasi akahisi mguu umelowa. Oili. Washa, kile kipete cha kuziba maungio ya bomba la oili, ilikuwa imepasuka, na oili inachuruzika kwenye lami. Chupa ya akiba ilikuwapo, lakini kumimina oili kwenye chombo kinachovuja ni kuipaka barabara. Gaudensia akatazama huku na huku: mawe, miiba, mbuzi.

Kanisi akakaa chini, akavua kiatu. Sasa kile kiatu hakikuwa chake. Baada ya matanga, Kanisi alipewa viatu vya Babu, vya ngozi nene ya zamani, na tangu hapo alikuwa hajavivua ila kulala. Akakitazama kidogo. Machozi yakamlengalenga. Kisha akatoa kisu, akakata ulimi wa kiatu, akauponda juu ya jiwe, akauloweka kwenye oili, akaukata mviringo bila kupima kwa kitu chochote ila jicho. Akaipachika, akafunga bomba, akamimina oili ya akiba.

"Washa," akasema.

Mama Mkwe akaunguruma, na halikudondoka hata tone. Kanisi akapanda nyuma, kiatu kimoja hakina ulimi.

Walipovuka Mtera, jua lilikuwa limeanza kuinama, na ndipo waya wa klachi ukakatika. Kanisi akasema nitautengeneza, lakini wa kuchomelea, unataka moto na saa nzima. Wakalitazama jua. Saa nzima haikuwapo.

"Kuna mteremko hapa," akasema Bonifasi. "Nisukumeni, kikiwaka mdandie. Ila mjue: bila klachi, nikisimama nimekwisha. Kwa hiyo sisimami."

"Mpaka wapi?" akauliza Kanisi.

"Mpaka kwa Bibi."

Na hakusimama. Alipata kiu, Gaudensia akamlisha machungwa akiwa ananyoosha mkono kutoka kwenye kigari. Upepo mkavu ukamjaza vumbi machoni, Kanisi akamfuta kutoka nyuma kwa ncha ya shati. Kundi la mbuzi likakata barabara, Bonifasi akazunguka duara pale pale, akazunguka tena, na tena, mchunga mbuzi akadhani ni sarakasi akawa anashangilia, mpaka mbuzi wa mwisho alipopita. Gia alizibadilisha kwa kuvizia mngurumo, na mara nyingine Gaudensia ndiye aliyepiga kelele "sasa!" Mikono ikafa ganzi. Mgongo ukawaka moto. Kanisi akamwomba wabadilishane, naye akauliza, "Kwa kusimama wapi?"

Dodoma, Bibi Skolastika alikuwa amekaa kwenye benchi, kofia ya Babu mapajani. Kihwele yuko pembeni yake na gunia lake. Jua lilikuwa limebaki kipande.

"Shemeji, andaa maneno ya kunikabidhi," akasema Kihwele.

"Nyamaza," akasema Bibi. Akasimama. "Nyamaza, nasikia."

Hakuna aliyesikia kitu. Kisha wote wakasikia. Na Bibi, mbele ya uwanja mzima, akaanza kukimbia kuelekea kwenye ule mngurumo, kibegi chake kinapigapiga kiunoni, akipiga vigelegele na kulia kwa pamoja. Chupa yake ya maji ya kunywa alikuwa amekwishaifungua. Alitaka wanawe mikono.

Bonifasi akazima injini. Jua likazama nyuma yake. Wakamwambia ashuke, akasema hawezi, wakambeba, wakamweka chini, na hata pale chini alibaki amekunja magoti, mikono imeshika usukani ambao haupo. Uwanja ulicheka mpaka ukalia.

Sasa. Walipokwisha kunawa na kupigwa picha, Bibi akainua ile kofia. "Nani amemfikisha?"

Vichwa vitatu vikainama mbele yake kwa wakati mmoja.

Gaudensia akasema, "Bila masikio yangu, safari ingeishia Lukumburu na injini ingekufa moja kwa moja. Wao walirekebisha kilichoharibika. Mimi nilizuia kisiharibike."

Kanisi akasema, "Masikio yalisikia, lakini nati ilikazwa na mkono wa nani? Na Mtera mngeifunga oili kwa wimbo? Nilikata kiatu cha Babu, Bibi. Nilichokuwa nacho cha Babu ni hicho tu."

Bonifasi akasema, akiwa bado amekaa chini magoti juu, "Chombo kizima kilichosimama hakifiki popote. Nyie mlifanya yenu mkapumzika. Mimi nilibeba safari yote toka Songea, na ile ya mwisho niliibeba bila kushusha mguu."

Mara kichwa cha nne kikapenya, kirefu, chenye mvi. Kihwele.

"Na mimi? Wenzenu wote walikwama Iringa kwa maji. Nani alimlaza mkwe wenu jikoni?"

"Wewe ulitaka tushindwe!" wakapiga kelele wote watatu.

"Nilitaka nini ni shauri la moyo wangu," akasema Kihwele. "Mkono wangu ulimlaza mkavu."

Bibi Skolastika akamtazama mmoja mmoja. Akaigeuza kofia, akainusa ndani, akatabasamu. Halafu akajivisha mwenyewe, akaifunga chini ya kidevu.

"Kanisi, chomelea huo waya. Bonifasi, ukiweza kukunjua hiyo miguu yako, mume wangu, kesho unaendesha. Nililetwa Songea ndani ya kigari hiki nikiwa bibi harusi, na ndani yake narudi. Twende polepole. Nikiteremka nyumbani naivua kofia, na nitakayemvisha nimemvisha."

Gaudensia akapanda basi pamoja na Kihwele, akisema hata humo ndani atamsikia Mama Mkwe. Na kweli, kila alipoinua kidole, kitambo kidogo tu Mama Mkwe anatokea kwenye kona, Bibi amekaa kama malkia, kofia ya ngozi kichwani, anampungia mkono kila mtu barabarani, awe anamjua asimjue.

Hivi ninavyosema wamekwisha kupita Njombe. Lukumburu wanashuka. Daraja la nyumbani lile linaonekana, mngurumo umeanza kusikika, na safari hii hakuna mtu jikoni wa kutoka na maji, kwa sababu mwenye maji ndiye anayekuja. Bibi ameshapeleka mkono kwenye mkanda wa kidevu.

Msiniambie wagawane, Bibi amekataa. Msinitazame mimi, nimekwisha kuzima. Kofia iko mikononi mwako wewe uliyekaa hapo, na vichwa vinne vimeinama. Unamvisha nani?